Haki ya Mgonjwa Asiyejua Lugha: Maelezo Juu ya Kitabu Kimoja



Nakusudia hapa kukueleza khabari za kitabu kimoja ambacho kimesomwa sana na wanafunzi wa udaktari wa Marekani, kisha nikwambie kwa nini nakisifu, na ni wapi ambapo, kwa maoni yangu, mtungaji wake amekwenda kombo. Huenda ukauliza, sisi na Marekani tuna nini? Tuna mengi. Ni nyumba chache leo katika mwambao wetu huu ambazo hazina mtoto, ndugu au shangazi aliyehamia Uingereza, Kanada, Marekani au nchi za Ghuba, na kila mmoja katika hao siku moja atasimama mbele ya daktari au mbele ya mwalimu wa mwanawe, naye hana ulimi wa kujieleza.

Kitabu chenyewe ni The Spirit Catches You and You Fall Down, cha bibi mmoja mwandishi aitwaye Anne Fadiman. Kilichapishwa mwaka 1997 na kikapata tuzo ya wahakiki wa vitabu wa Marekani. Jina lake, ukilitia katika lugha yetu, ni kama kusema "Pepo humshika mtu akaanguka". Si jina alilolizua mtungaji, bali ni tarjuma ya neno ambalo watu waitwao Wahmong hulitumia kwa ugonjwa tunaouita sisi kifafa.

Mimi sikukisoma kwa macho yangu. Nilisomewa na binti wa dada yangu, ambaye ni muuguzi, sura baada ya sura, baada ya swala ya Isha, naye akinitarjumia. Tulipofika mahali pagumu nilimsimamisha nikamwuliza, "Hapa khasa asemaje?" naye akarudi nyuma akasoma tena. Wala sioni haya kukueleza hivyo, kwa sababu khabari yote ya kitabu hiki ni khabari ya mtu kuwa na wa kumtarjumia au kutokuwa naye.

Wahmong ni watu wa milimani. Wengi wao walikuwa wakiishi Laos, katika Asia ya mashariki na kusini, wakilima mpunga na mahindi. Zilipokuwa zikipiganwa vita vya Vietnam, shirika la ujasusi la Marekani liliwaandika maelfu yao wapigane vita vya siri katika nchi yao wenyewe. Vita vilipokwisha mwaka 1975 na wakomunisti wakaishika nchi, wao ndio walioachwa wakikabili kisasi. Wakakimbia kwa miguu, wakavuka mto Mekong wakaingia Thailand, wakakaa kambini, na kutoka huko wengi wakapelekwa Marekani. Aila inayosimuliwa humu ilifika mwaka 1980, kisha ikahamia Merced, mji wa mashamba katika jimbo la California. Wakati kitabu kinaandikwa, Wahmong walikuwa takriban mtu mmoja katika kila watano wa mji huo.

Hapo Merced, mwezi wa Julai 1982, alizaliwa mtoto wa kike aitwaye Lia Lee. Alipokuwa na umri wa kama miezi mitatu, dada yake mmoja aliubamiza mlango kwa kishindo. Mtoto akageuza macho, mikono ikaruka juu, akazimia. Wazee wake wakajua mara moja ni ugonjwa gani, kwani katika itikadi yao roho ya mtoto huweza kushtuka ikamwacha, na pepo akamshika.

Tafadhali usicheke. Sisi wenyewe mtoto mchanga akipatwa na homa kali akatetemeka na kugeuza macho twasema ana degedege, na wazee wetu walipolitaja neno hilo walikusudia dege, ndege mkubwa wa kipepo apitaye usiku juu ya paa. Mpaka leo wapo akina mama wanaokataa mtoto mwenye degedege asipigwe sindano, kwa khofu kwamba sindano itamwua. Itikadi ya Wahmong si yetu, na si kazi ya makala haya kuipima. Nasema tu kwamba mama wa Kihmong aliyembeba mwanawe akikimbia naye usiku si mtu wa ajabu. Ungemkuta mtaani kwako.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kilipo kiini cha jambo. Mama yule na baba yule hawakumficha mtoto ndani wakamwita mganga wao peke yake. Walimpeleka hospitali. Walimpeleka Oktoba 1982, na Novemba wakampeleka tena. Mara zote mbili, walipofika, kutetemeka kulikuwa kumekwisha, na mtoto alikuwa akikohoa tu. Hapakuwa na mtu wa kutarjumu. Daktari hakuweza kuuliza, "Nini kimetokea nyumbani?" wala baba hakuweza kujibu. Basi mtoto akapimwa kifua, akaandikiwa dawa ya kifua, na baba akatia alama yake katika karatasi asiyoweza kuisoma, wakarudi nyumbani. Mara ya tatu, Machi 1983, walifika naye akiwa bado anatetemeka, ndipo daktari akaona kwa macho yake na kuuandika ugonjwa kwa jina lake.

Hesabu, msomaji. Tangu Oktoba hata Machi ni zaidi ya miezi minne. Muda wote huo jina la ugonjwa lilikuwapo, limo kinywani mwa mama, linatembea kutoka nyumbani mpaka hospitali na kurudi. Lilikosa mtu mmoja tu wa kulitoa katika lugha moja na kulitia katika lugha nyingine.

Kitabu chalisimulia jambo hili kwa uaminifu mkubwa, na hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza. Mtungaji alifika Merced mwaka 1988, akajifunza kukaa kitako na wazee wale, akafuatana na msichana wa Kihmong wa kumtarjumia aliyejua adabu za kwao, yupi aamkiwe kwanza na kwa maneno gani. Kwa hiyo akapata kusikia yale ambayo hospitali haikuyasikia. Akakaa vilevile na madaktari, akasoma majalada yao marefu, wala hakuwafanya mashetani. Madaktari wawili wakuu wa mtoto yule, mume na mke, walikuwa watu wa bidii isiyo kifani. Waliamshwa usiku mara zisizo na idadi, na kila mara walikwenda. Mtungaji ameishika mizani kwa mikono miwili, na mwandishi wa namna hiyo ni adimu.

Lakini bidii peke yake haikutosha. Kabla hajatimiza miaka mitano, Lia alikwisha kulazwa mara 17, na alipelekwa hospitali bila kulazwa zaidi ya mara 100. Dawa zake zilibadilishwa mara 23 katika muda usiozidi miaka minne. Fikiria nyumba yenye wazee wasiojua kusoma lugha yoyote, wasiohesabu saa kwa saa ya ukutani, wamewekewa chupa hii ya asubuhi, kidonge kile nusu, kile kizima, hiki kiongezwe, kile kipunguzwe, na wiki ijayo yote yageuzwe. Muuguzi mwenye shahada angekosea. Wazee wale nao waliona kwamba mtoto akinywa baadhi ya dawa hulegea na kuchukiwa na chakula, wakazipunguza kwa kumhurumia. Damu yake ilipopimwa, dawa haikuonekana kwa kiasi kilichotakiwa. Daktari akaandika: wazee hawatii maagizo.

Na mwaka 1985 akawashitaki. Mahakama ikaamua mtoto aondolewe kwao, akapelekwa kwa walezi wageni, akakaa huko karibu mwaka mzima, hata Aprili 1986. Mama hakuelewa kosa lake. Kwa walezi Lia alipewa kila dawa kwa wakati wake, na juu ya hayo kifafa hakikukoma. Na nikwambie jambo moja ambalo binti wa dada yangu alilisoma mara mbili kwa kutoamini: yule mama mlezi, aliyepewa mtoto kwa sababu serikali iliona mama yake hafai kulea, alimwona mama yule akampenda, hata akawa akimwachia mwanawe mwenyewe mdogo amtazamie. Mahakama ilisoma jalada, na mama mlezi alimtazama mama mwenyewe.

Mtoto aliporudi kwao madaktari walimpa dawa ya namna moja tu, nyepesi kumpa, na mama akampa kama alivyoagizwa. Miezi ya mwanzo ilikuwa ya nafuu. Hapo utauliza, kwa nini hakupewa hivyo tangu mwanzo? Nami niliuliza. Jawabu limo kitabuni, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Daktari yule aliona kwamba kumpa mtoto wa Kihmong matibabu mepesi kuliko anayopewa mtoto wa Kimarekani ni kumdhulumu. Alitaka kuwatendea wote sawasawa, na tiba bora kwa elimu yake ilikuwa ile ya chupa nyingi na hesabu nyingi.

Nia hiyo ni njema, wala simtukani. Lakini huu ndio usawa ambao watu wengi wa ofisini huuita insafu, nao si insafu. Ajabu ni kwamba Marekani yenyewe ilikwisha kuukataa, katika jimbo lilelile la California, miaka minane kabla Lia hajazaliwa.

Kisa hicho hakimo katika maelezo ya mtungaji, nami namlaumu kwa kuipita skuli upesi namna ile. Huko San Francisco walikuwapo watoto wa Kichina wapatao 1,800 wasiojua Kiingereza, na hawakupewa msaada wowote wa lugha. Wakubwa wa skuli walisema, "Tumewapa madarasa yaleyale, vitabu vilevile na walimu walewale kama wenzao." Wazee wakaenda mahakamani wakashindwa, wakapanda juu wakashindwa tena, hata shauri likafika Mahakama Kuu ya nchi, na mwezi wa Januari 1974 likaamuliwa kwa upande wa watoto. Shauri hilo laitwa Lau v. Nichols. Mahakama ilisema, kwa maana yake, kwamba kumpa mtoto kiti kilekile na kitabu kilekile si usawa ikiwa haelewi anachoambiwa. Amefungiwa mlango wa elimu huku amekalishwa ndani ya darasa. Ikaitegemea sheria ya haki za raia ya mwaka 1964, ambayo huwafunga wote wanaopokea fedha za serikali, skuli na hospitali pamoja.

Sisi walimu wa vyuo hatukuhitaji mahakama kutufundisha hilo. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991 na watu wakakimbilia kwetu, wengine kambini Utange karibu na Mombasa na wengine kwa jamaa zao mijini, chuoni kwangu waliingia watoto wa Barawa waliosema Chimiini, ambacho ni ndugu wa Kiswahili, na wengine wasiojua ila Kisomali. Mtoto wa Barawa nilimketisha na wenzake, baada ya mwezi alikuwa akibishana nao. Yule wa Kisomali nilimketisha kando ya mwanafunzi mkubwa aliyeijua lugha yake, na somo lake nikalipunguza nusu mpaka masikio yake yazibuke. Hapana mzazi aliyenijia kusema nimewapendelea wageni. Ningewapa wote ubao mmoja na sura moja na kipigo kimoja, hiyo ndiyo ingekuwa dhulma.

Turudi kwa Lia. Novemba 1986, akiwa na umri wa miaka minne, alishikwa na kifafa kikubwa kuliko vyote, akapelekwa kwa haraka katika hospitali ya watoto huko Fresno. Ikaonekana pia kwamba sumu ya vijidudu imeenea katika damu yake. Ubongo ukaharibika. Madaktari wakasema hana maisha, labda siku chache, na wazee wakaomba wapewe mtoto wao akafie nyumbani.

Hakufa. Mama alimwosha, akamlisha, akambeba mgongoni, akamlaza pembeni mwake kila usiku. Alikuwa hasemi wala hatembei, na hakuonyesha dalili ya kujua kitu. Lia Lee alikufa tarehe 31 Agosti 2012, akiwa na umri wa miaka 30. Miaka 26 kasoro kidogo alitunzwa na mama yuleyule aliyeandikwa katika jalada la mahakama kwamba hawezi kumtunza. Na kuhusu kilichomwangamiza, daktari bingwa wa ubongo aliyemtibu Fresno alimweleza mtungaji kwamba ubongo uliharibiwa na sumu ile ya damu na si kifafa, na kwamba huenda ni dawa yenyewe ya kifafa iliyoidhoofisha kinga ya mwili wake. Wazee walikuwa wamelia miaka mingi kwamba dawa zinamdhuru mtoto. Hawakuwa na maneno ya kitabibu. Walikuwa na macho.

Sasa nije kwenye lawama yangu kubwa. Mtungaji amepanga kitabu chake sura kwa sura, moja ya ugonjwa wa mtoto na moja ya tarikhi ya Wahmong, vita vyao tangu kale, ushupavu wao, kukataa kwao kutawaliwa. Sura hizo ni tamu kusomewa. Lakini ukizisikiliza kwa mfululizo, moyo wako wafunzwa kidogo kidogo kwamba yaliyompata Lia yaliandikwa katika damu ya kabila lake. Kwamba mila mbili kubwa zilikutana kama mawimbi mawili na mtoto akapondwa katikati. Mwaka 2003 bibi mmoja mwenye elimu ya jamii na mila, Janelle Taylor, aliandika kwamba kitabu kimejengwa kama mchezo wa msiba ambao mwisho wake umekwisha kujulikana tangu mwanzo. Nakubaliana naye, na naongeza langu.

Kusema "ni mila zao" humpa kila mtu udhuru. Daktari hutoka na udhuru, mkubwa wa hospitali hutoka na udhuru, na yule aliyekaa na daftari ya fedha akafuta mshahara wa mkalimani ndiye wa kwanza kutoka, wala hatajwi. Hospitali ile ilikuwa na Wahmong mlangoni kila siku, na usiku ikitegemea bahati, labda mtumishi wa maabara au msaidizi wa wodi apatikane ajuaye maneno mawili matatu. Hiyo haikuwa mila ya mtu yeyote. Ilikuwa ni bajeti. Mila ya Wahmong haikuwazuia kwenda hospitali mara zaidi ya 100, na wazee wale hawakukataa dawa za kizungu. Walitaka kidogo ya hizi na kidogo ya zao. Jambo hilo limo kitabuni wazi, lakini limefunikwa na ngoma za milimani.

Mtungaji ataja maswali manane yaliyotungwa na daktari wa Harvard aitwaye Arthur Kleinman ili daktari amwulize mgonjwa mgeni: ugonjwa huu wewe wauitaje, wadhani umeletwa na nini, kwa nini ulianza pale ulipoanza, unakhofu nini khasa, na mengine ya namna hiyo. Madaktari walioyasoma waliyapokea kama hazina mpya. Mimi nilicheka kidogo. Wakunga wetu wa zamani hawakumgusa mgonjwa kabla hawajayauliza hayo yote, na ya jirani juu yake. Ni maswali mazuri sana, walakini swali zuri katika lugha isiyoeleweka ni kelele.

Huenda ukasema, mbona wahamiaji wana watoto waliosoma skuli huko, si watarjumu wao? Hapo, msomaji, kuna ubaya unaotugusa sisi kuliko wengi. Kijana wa miaka 12 anapewa kazi ya kumwambia daktari khabari za tumbo la uzazi la mama yake, na mama anameza nusu ya maneno kwa haya. Au binti anaambiwa na daktari kwamba baba yake ana saratani, naye ndiye amgeukie baba amweleze. Na skuli ndiyo kwa waziwazi: barua ya mwalimu mkuu huja nyumbani kwa Kiingereza, na msomaji wake ni yuleyule mtoto aliyeshitakiwa katika barua. Baba huambiwa, "Wamesema nafanya vizuri." Hivyo nyumba inapinduka, mdogo akawa ndiye mlango wa dunia na wazee wakawa ndio watoto. Mwaka 2016 kanuni za Marekani zilikataza hospitali kumtegemea mtoto mdogo kwa ukalimani, ila penye khatari ya ghafla. Wenye jamaa huko na wawaandikie wajue kwamba wana haki ya kukataa.

Na ofisi isiposema na watu kwa lugha yao, usidhani watu hubaki kimya wakingoja. Kwa hili nakupa mfano wa ndugu zetu Wasomali, ambao wengi wao walipita katika kambi za Kenya kabla ya kufika Minneapolis, katika jimbo la Minnesota. Kama mwaka 2008 akina mama wa Kisomali waliona kwamba watoto wao ni wengi mno katika madarasa ya watoto wenye usonji, wakauliza kwa nini. Jawabu la kuwatuliza halikuja. Aliyekuja ni Andrew Wakefield, Mwingereza ambaye mwaka 1998 aliandika makala yakiuhusisha usonji na chanjo ya surua; makala hayo yaliondolewa na jarida lililoyachapa mwaka 2010, na mwaka huohuo akafutwa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Madai yake hayana msingi. Lakini alikwenda, akakaa nao, akawasikiliza. Watoto wa Kisomali waliochanjwa surua huko walikuwa 92 katika kila 100 mwaka 2004, wakashuka hata 42 mwaka 2014. Mwaka 2017 surua ikaingia, wakaugua watu 75, na wengi sana katika hao walikuwa watoto wa Kisomali. Walioipunguza fitina hiyo baadaye ni maimamu na akina mama na wauguzi wa Kisomali wenyewe waliozunguka majumbani na misikitini wakieleza kwa Kisomali. Mila za Wasomali hazikubadilika kati ya mwaka 2004 na 2014. Kilichobadilika ni nani aliyekuwa akisema nao.

Mambo haya hayajatulia. Mwaka 2000 rais wa Marekani alitoa amri kwamba ofisi za serikali na wanaopokea fedha zake wahakikishe asiyejua Kiingereza anaweza kutumia huduma zao. Tarehe 1 Machi 2025 amri hiyo ikafutwa na rais mwingine. Sheria ya mwaka 1964 ingali ipo, lakini ajuaye kazi za ofisi ajua kwamba karani hufuata amri iliyo mezani kabla ya sheria iliyo kabatini.

Wala tusikae barazani tukawahukumu Wamarekani peke yao. Katika zahanati moja ya hapa kwetu, jina silitaji, nilimwona kizee wa Kisomali akiulizwa na mtumishi kwa Kiswahili ameumwa tangu lini. Hakuelewa. Mtumishi akapandisha sauti, akauliza lilelile, kisha akapandisha tena, kana kwamba mtu asiyejua lugha ni kiziwi. Waliokuwa kwenye benchi walicheka. Kijana mmoja muuza maji aliyekuwa akipita mlangoni ndiye aliyeingia akatarjumu, na jambo zima likamalizika kwa muda mfupi kuliko ule wa kupiga kelele. Na bibi kutoka bara ya Kilifi asiyejua ila Kigiriama hupata yayo hayo kila wiki, naye si mgeni, bali amezaliwa mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka hapo.

Basi kitabu hiki nakisifia usikivu wake, na nakilaumu kwa kuupaka msiba rangi ya mila mahali ambapo rangi yake halisi ni ya uzembe wa kawaida. Kwa wasomao Kiingereza, sura za ugonjwa zasomeka upesi. Za tarikhi zina majina mengi, na mtu aweza kuziruka akazirudia. Mtungaji amekifunga kwa kisa cha mganga wa Kihmong aliyeitwa nyumbani kuiita roho ya Lia irudi. Naelewa kwa nini alichagua pale, kwani ni mahali pa machozi. Ila mimi, kama ningeulizwa, ningependa sura ya mwisho iwe ya mambo ya kawaida: mama yule asubuhi, akimgeuza binti yake asiyejigeuza ili mgongo usifanye vidonda, na muuguzi wa kuzungukia majumbani amesimama kando akiandika kwamba ngozi ya mgonjwa ni nzima.